Katoni Mbele ya Rejeta

Mama Atieno, jirani yangu wa Laini Saba, ndiye aliyeniambia kwanza kwamba mumewe anataka kuuza pikapu yao, ile inayotubebea mboga hadi Kawangware. Rejeta ilikuwa imezibuliwa, gasketi ilikuwa mpya, na bado injini ilichemka kila safari.

Mimi na Mama Atieno tulimsindikiza mumewe kwa fundi mara ya mwisho. Fundi alichomoa katoni iliyokuwa mbele ya rejeta, akaiweka kando kwa adabu, akawasha injini. Ikanguruma muda mrefu bila kuchemka.

"Si umeona, mzee? Iko poa!" Kisha akairudisha katoni.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Sasa upepo wa kuipoza injini utapitia wapi?"

Fundi na mume wa Mama Atieno wakatazamana.

"Mzee, kwani hii ni ya nini?"

"Niliiweka izuie matope. Mbona huwa unairudisha?"

"Ni mali yako! Ningeitupa ungeniita mwizi."

Mama Atieno alicheka hadi akaketi chini. Wengi hulia kwa sababu ya mafundi wezi. Sisi nusura tukose gari kwa uaminifu.

Asubuhi iliyofuata tulifika Kawangware bila kusimama njiani. Nikaitandaza katoni ile chini, nikapanga nyanya zangu juu yake.