Kikombe cha Bati Kilabuni kwa Bibi Sesilia

Ninaikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, kilabuni kwa Bibi Sesilia pale Kasulu, siku ambayo uchumba wangu ulikuwa ukifa kwa sababu ya kikombe cha bati.

Ukipita leo utakuta duka la simu. Vilabu vile vimekwisha, na urwagwa, pombe yetu ya ndizi, umebaki kwa wachache vijijini. Siku hizi kila mtu na chupa yake na kiti chake cha plastiki, na muziki usiowaachia hata nafasi ya kusalimiana. Zamani ndizi ziliivishwa shimoni, zikakamuliwa kwa majani, zikatiwa unga wa mtama, na mtungi ukawekwa katikati ya watu. Aliyepika alionja kwanza, ndipo mrija ukapita mkono kwa mkono. Siusifu ulevi, walevi tulikuwa nao, na wake zao walilia. Nasifu kule kukaa.

Kukataa mrija wa mwenzako lilikuwa tusi kubwa, maana ni kumwambia mbele za watu kwamba unaogopa atakulisha sumu. Na ndivyo alivyofanya mzee Bihori, baba wa mchumba wangu Yohana, siku ya pombe ya posa. Alikuwa amerudi kutoka Tanga, alikokata mkonge miaka mingi. Baba yangu alipompa mrija, yeye akatoa kikombe cha bati mfukoni, akaomba achotewe humo. Kesho yake baba akawarudishia mbuzi wao wa posa.

Nililia mpaka macho yakavimba. Nilimpenda Yohana, na sioni haya kulisema hata sasa na meno yangu haya yaliyobaki.

Bibi Sesilia hakuwa ndugu yetu, lakini siku ile ya posa alikuwa amemwona mzee Bihori akijitenga mlangoni, akikohoa ndani ya mkono wa koti. Akawaita wazee wote wawili kilabuni kwake, nami akaniketisha nyuma yake. Akaonja pombe, akaweka mtungi kati yao, akasema hanywi mtu kabla swali halijaulizwa. Baba akajibu kwamba hana la kumuuliza mtu aliyemwita mchawi.

"Amekuita lini, baba?" Bibi Sesilia akasema. "Umejiita mwenyewe. Muulize."

Baba akauliza, shingo upande. Mzee Bihori akatazama chini.

"Nimerudi na kifua kikuu, mugenzi, mwenzangu," akasema. "Daktari alinikataza kuchangia vyombo na watu. Niliona haya kusema mbele ya wakwe. Sikukataa mrija wako. Nilikunyima kikohozi changu."

Baba aliinamisha kichwa, asijue aweke wapi mikono. Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu, na sisi tulikuwa tumehukumu kwa kuutazama mtungi kwa nje. Bibi Sesilia hakumsimanga mtu. Alijaza kibuyu kidogo, akatia mrija mpya, akakiegemeza kwenye mtungi ule ule, mzee yule anywe pamoja na wenzake.

Tukaoana. Mzee alitibiwa akapona. Lakini siku nilipompakatisha mzee mzaliwa wangu wa kwanza, aligeuza uso pembeni asimpulizie pumzi, ingawa daktari alikwisha kumwambia hana tena ugonjwa. Nilitoka nje nikalia.

Basi sikia. Kuuliza si ujinga. Mtu akikataa chakula chako, akikosa kufika msibani kwako, au asipojibu ujumbe wako kutwa nzima, usimzike moyoni angali hai. Mwendee, kaa naye, muulize, kisha unyamaze akujibu. Pengine unachokiita dharau ni maumivu anayoona haya kuyataja. Baba yangu alikuwa tayari kuninyima mume, na watoto hawa wote wasizaliwe, kwa swali moja tu alilokuwa mzito kuliuliza.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Akulindie kifua chako, na asikukoseshe watu wa kukaa nao.