Nilimwambia Alale

Wasichana ninaowafundisha mbio hapa Mbale wananiona mkorofi. Wakimaliza mizunguko ya kasi, hakuna kukaa. Watembee, wakimbie polepole, halafu wanyooshe mapaja na mashavu ya miguu. Wananung'unika, "Kocha, tumechoka." Wachoke wakiwa wima. Mmoja akijitupa kwenye nyasi, mimi simwoni yeye. Namwona mwenzangu.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Buwenge. Tulipanga chumba kimoja karibu na viwanda, tukala sahani moja. Mwaka mmoja tulikwenda Jinja kwenye mbio za kuchagua timu: Jumamosi mchujo, Jumapili fainali, na watatu wa mbele ndio wanaochukuliwa. Wawili walikuwa hawakamatiki, hilo lilijulikana. Nafasi iliyobaki ilikuwa yangu au yake.

Jumamosi tulimaliza hoi, tukarudi chumba tulichofikia. Baba yangu alikuwa askari, na alinilea kwa amri moja: aliyekimbia asikae, apoe akitembea. Mwenzangu hakuwa na wa kumfundisha hayo. Akaniuliza, "Dada, tufanye nini miguu ipone mpaka kesho?"

Nikamwambia alale tu, asishuke kitandani mpaka asubuhi. Nikamfunika leso yangu, ile kanga ya kujifunga. Kisha nikatoka peke yangu, nikakimbia taratibu nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi, nikajinyoosha ukutani bila haraka, nikarudi miguu imelainika. Nikamkuta amelala fofofo. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumapili alishuka kitandani kwa kushika ukuta. Mimi nikawa wa tatu, yeye wa nne. Alirudi kwao na hakukimbia tena.

Miaka baadaye daktari mmoja wa wanamichezo alituambia kwamba kunyoosha misuli hakupunguzi uchovu kama tunavyodhani. Kukimbia polepole ndiko kunakosaidia, nako ni kidogo. Nililishika neno lile kwa mikono miwili. Kumbe huenda angeshindwa tu, hata angefanya kama mimi. Nilijituliza hivyo wiki nzima. Lakini mimi siku ile sikuyajua ya daktari. Nilimlaza ili ashindwe.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mwenzangu hakuwahi kuitikisa nguo.

Mwezi uliopita nilipita soko la Buwenge, nikamwona anauza nyanya. Nilitaka kugeuza njia, nasema kweli. Aliniwahi, akanishika mikono yote miwili, akamwambia jirani yake wa meza, "Huyu ndiye aliyenifunika siku ile Jinja. Wengine walinicheka nikichechemea. Yeye peke yake alinijali."

Maneno ya kuungama nilikuwa nayo miaka yote, nimeyapanga. Nikasema, "Hayo ya zamani, dada."

Akanichagulia nyanya nzuri nzuri, akanijazia mfuko.

"Leso yako bado ninayo," akasema. "Watoto wangu wote nimewabebea hiyo."