Wasikilizaji wa Nyenje

Nyumba yetu ilikuwa ya kiwanda kabla haijawa yetu. Kiwanda chenyewe, cha nyuzi, kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji. Mwekezaji akazima mitambo, wafanyakazi wakapunguzwa, na nyumba walizokuwa wakiishi zikauzwa moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa mpiga chapa kwenye mradi wa mpunga kule Dakawa. Nilipata nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje, ua wa michongoma nyuma, na laini ya simu iliyoachwa na msimamizi wa zamu aliyeishi humo. Nilimteremsha mama kutoka Mgeta tukaishi wawili. Tangu wiki ya kwanza mama alikataa kukaa uani jioni. Nilidhani ni baridi ya milimani iliyomfuata kwenye magoti.

Kompyuta niliachiwa na mtaalamu wa Kijapani niliyekuwa nikimpigia chapa taarifa zake za maji na mashamba. Mkataba wake ulipokwisha aliniletea nyumbani, akaiunganisha na simu, akachomeka na kipaza sauti kidogo kama kidole gumba. Kisha akaniandikia kwenye karatasi anwani ya kikundi cha watu wa kwao waliokuwa wakikutana kwenye mtandao kusikiliza wadudu.

"Wadudu?" nikamuuliza.

"Kwetu joto likianza kupungua, watu hukaa barazani wakasikiliza wadudu wanavyolia," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Wewe jaribu. Hapa kwako wako wengi."

Nilijaribu kwa sababu ya upweke, nisidanganye. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, ambayo kwao ni saa tatu usiku, nilipiga simu, kompyuta ikalia kama chuma kinachokwaruzwa, na baada ya hapo tukawa pamoja. Watu kumi na wachache, wengi wao wazee. Mmoja alikuwa ameshatuma sauti aliyoirekodi nyumbani kwake, ya nusu dakika tu maana zaidi ya hapo simu haibebi. Sote tuliifungua kwa wakati mmoja, tukanyamaza, kisha tukaandikiana tulichokisikia. Kiingereza changu kilikuwa cha shule na chao cha kamusi, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Walinifundisha mengi. Kwamba yuko mdudu wao anayelia kama kengele ndogo, na mwingine wanasema analia kama mtambo wa kufumia nguo. Walinifundisha kukaa chini kwenye mkeka na si kitini, na kufunga dirisha la barabarani. Walinitumia majani ya chai ya kijani kwenye bahasha, mama akayaonja akasema ni mchicha uliosahauliwa jikoni. Ilipofika mwezi wa pili nikawa najaribu hata vishairi vyao vya mistari mitatu, kwa Kiswahili, nikiwaeleza maana chini yake. Jumamosi hizo nilikuwa na furaha niliyokuwa siwezi kumweleza mtu kazini.

Zamu yangu ya kutuma ikafika. Siku moja kabla, jua likizama nyuma ya kiwanda, nikaweka kipaza sauti kwenye dirisha la nyuma, nikarekodi nyenje wa uani kwetu.

Kesho yake tukasikiliza. Wakasifu. Mmoja alisema nyenje wa Morogoro wanalia kwa haraka kama watu waliochelewa treni. Kisha akaandika bibi mmoja wa kaskazini, kunakoanguka theluji, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano. Kikundi kizima kilitegemea masikio yake.

"Mtoto anayeimba ni wako?"

Nikamjibu sina mtoto. Tuko mimi na mama yangu tu.

"Basi ni wa jirani," akaandika. "Sikiliza pale nyenje wanaponyamaza."

Nikafungua tena, mara hii kwa visikilizio vya kuvaa masikioni. Katikati ya ile nusu dakika, nyenje walinyamaza kwa pamoja, kama wanavyonyamaza mtu akipita. Walipoanza tena, chini ya mlio wao palikuwa na kitu chembamba. Mtu alikuwa akiimba akiwa amefumba mdomo. Ilikuwa sauti ya msichana.

Nilitazama dirisha la nyuma. Nje kulikuwa na jua kali la alasiri, nguo zetu zimeanikwa, kuku anafukua. Hapakuwa na la kuogopesha, na nywele za mikono yangu zilikuwa zimesimama.

Jirani wa upande wa huku alikuwa mjane asiye na watoto. Upande wa kule nyumba ilikuwa bado haijanunuliwa.

Ijumaa iliyofuata nikarekodi tena, lakini mara hii nilikaa papo hapo chini ya dirisha, nimeegemea ukuta, macho kwenye michongoma. Nyenje wakalia. Wakanyamaza. Wakaanza tena. Masikio yangu hayakusikia lolote zaidi ya hao nyenje, nakula kiapo. Nilipoingia ndani na kuifungua ile sauti, msichana alikuwemo, na alikuwa karibu zaidi. Ungeweza kumsikia akivuta pumzi kabla ya kurudia.

Nikamvisha mama visikilizio bila kumwambia kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafanya ishara ya msalaba.

"Unamjua?" nikauliza.

"Wimbo naujua. Ni wa kubembelezea mtoto, kwetu juu kila mama anao." Akavua visikilizio, akavishika mapajani. "Lakini huyu hana maneno. Ameusikia wimbo, maneno hakufundishwa."

"Ndiyo maana hukai uani?"

"Mimi nilisikia nyenje wananyamaza, mwanangu. Kila jioni ya Ijumaa wananyamaza. Nikajua pana mtu. Sikutaka kujua ni mtu gani."

Jumamosi ile sikutuma ile sauti ya pili. Niliwaandikia naumwa. Bibi wa piano akanijibu peke yangu: "Nyenje wakinyamaza kisha wakaendelea, maana yake aliyekuja hajaondoka. Wamemzoea tu." Niliisoma barua ile mara nyingi, na kila mara nilitamani angeniambia jambo jingine.

Ijumaa ya tatu sikurekodi. Nilizunguka kwa nje, nikapita kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba, nikangoja kwenye kona. Jua lilikuwa limeshuka, milima imegeuka rangi ya makaa. Nyenje wakanyamaza, nikatokeza.

Palikuwa na mwanamke amesimama upande wa nje wa michongoma yetu. Alikuwa mtu mzima kunizidi, amejifunga kanga mbili, tenga tupu la mboga liko miguuni pake. Hakushtuka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Samahani, mwanangu. Huwa sikawii. Nauza mboga sokoni siku za Ijumaa, nikimaliza napita hapa kidogo, kisha nakwenda zangu."

"Ni mama unayeimba?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mimi? Mimi siimbi. Nasimama tu."

Nilimkaribisha ndani. Mama alimpa uji, wakasalimiana kwa Kiluguru, wakaulizana vijiji. Ndipo tulipojua kwamba yeye alikuwa mke wa yule msimamizi wa zamu. Aliishi nyumba hii hii miaka mingi, akiwa mfanyakazi wa kiwanda naye. Akajifungua mtoto wa kike, aliyeishi siku tisa tu.

"Alikuwa hajatolewa nje," alisema. "Mtoto wa hivyo wanaume hawamziki. Tulimzika sisi wanawake, hapo nyuma ya jiko lenu, penye michongoma. Kiwanda kilipouzwa tukaambiwa tuondoke. Mume wangu akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, hakurudi. Mimi nililima kando ya Kingolwira. Ningewaambiaje wenye nyumba wapya kwamba nina mtu wangu uani kwao?"

Mama akauliza taratibu, "Ulikuwa ukimwimbia?"

"Mama mkwe alikataza kuimba kabla mtoto hajatoka nje. Kwa hiyo nilifumba mdomo." Akaonyesha midomo yake kwa kidole. "Hivi. Siku zote tisa."

Mimi na mama hatukutazamana. Nilikuwa nimeshaamua kutosema kitu. Ni mama aliyesema: "Mwanangu, msikilizishe."

Nikawasha kompyuta, nikamvisha visikilizio juu ya kilemba chake cha kanga. Alisikiliza akiwa ameinamisha uso. Nyenje walipokuwa wakinyamaza nilijua, kwa maana aliacha kupumua. Ilipokwisha akaniashiria kwa mkono nirudie. Nikarudia mara tano au sita. Hakulia. Mwishowe alivua visikilizio mwenyewe, akamwambia mama, si mimi:

"Amekua sauti."

Akahesabu kwa vidole. "Angekuwa na miaka kumi na minne sasa."

Aliniomba ile sauti. Sikujua njia nyingine, nikaleta redio kaseti, nikaiweka mbele ya spika za kompyuta, nikarekodi kwenye kaseti iliyokuwa na nyimbo za kwaya upande wa pili. Tulinyamaza sote watatu wakati mkanda unazunguka. Kabla hajaondoka alikwenda nyuma ya jiko peke yake, akachota udongo kiganjani, akaufunga kwenye pindo la kanga pamoja na kaseti. Alisema anahamia Kisaki kwa dada yake, mboga hazimlipi tena, na kwamba alikuwa hajui ataagaje. Sasa amejua.

Wiki zilizofuata nilirekodi tena, Ijumaa na siku nyingine. Nyenje walilia toka mwanzo mpaka mwisho bila kunyamaza. Mama akaanza kubeba kigoda chake uani jioni, akichambua mchele, kama mtu ambaye hajawahi kuogopa hapo.

Nilipotuma sauti moja ya wiki hizo kwa kikundi, wakasifu kama kawaida. Bibi wa piano alichelewa kuandika. Wengine walikuwa wameshaaga, nami nilikuwa nakaribia kukata simu, neno lake likatokea.

"Mtoto yuko wapi leo?"

Nilikaa kwenye mkeka na chai imepoa. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Amekwenda na mama yake."

Bibi akaandika kwamba kwao theluji imeanza kuanguka, na kwamba anafurahi.