Bibi Getruda Alipokubali Kusimulia

Mwalimu Alfonsi alifundisha historia katika chuo kidogo cha Bunda, walikosoma watoto wa wavuvi na wakulima. Wafadhili walipoleta ruzuku, alianza kuwatuma wanafunzi vijijini wakawasikilize wazee wao. Matrida, mwanafunzi wake kutoka kijiji cha Suguti, alimbembeleza sana bibi yake, Getruda, amsimulie walivyohamishwa kutoka kijiji chao cha zamani. Kila mara bibi aligeuza uso akanyamaza.

Ruzuku ikaisha, haikuletwa nyingine. Somo la historia likafutwa, na Alfonsi, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulea, akakubali kufundisha mapokezi ya hoteli.

Wiki ileile Matrida alimjia mbio, hajasikia kwamba somo limefutwa. "Mwalimu, bibi amekubali! Anasema uje wewe mwenyewe, maana mimi nikisikia ya huzuni naliaga haraka."

"Somo limefungwa, mwanangu."

"Sasa bibi nimwambie nini?"

"Mwambie nitakuja likizo."

Likizo haijafika, bibi akafariki. Alfonsi alikwenda Suguti kuzika. Pale msibani Matrida ndiye aliyesoma historia ya marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto saba. Ya kuhamishwa hayakuwamo, kwa maana aliyeyajua ndiye aliyelala jenezani.

Watu walipopanga foleni kuaga, Alfonsi alishindwa kunyanyuka. Machozi aliyoyazuia tangu somo lifungwe yalimtoka mbele za watu, na wasiomjua wakadhani ni mtoto wa marehemu.