Vidonge vya Kitinda Mimba

Nilimpiga mjomba kwa mpini wa jembe, begani, mara mbili. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake na juu ya shamba wanalolima. Anaamkiwa shikamoo, hanyanyuliwi mkono. Nilijua hilo nilipompiga.

Baba alipunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, tukarudi mlimani, juu ya Mkuyuni. Akafa, mama akamfuata. Niliacha shule darasa la tano nikalima kabichi ili wadogo zangu wale. Kitinda mimba wetu alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Vidonge vya bure vilipofika, nikawa namshusha kliniki kila mwezi. Muuguzi alinieleza kwamba dawa ile haimalizi virusi, inavizuia visizaane. Mtoto akiruka dozi vinazaana upya, na vinavyozaliwa huweza kuizoea dawa.

Mwaka huo mjomba akapata mkanda wa jeshi, malengelenge yaliyomchoma mbavu za upande mmoja. Aliposikia zahanati kwamba ni kirusi, alikuja kwetu moja kwa moja.

"Mpe mjomba wako hilo kopo la vidonge," alimwambia mtoto.

"Hicho ni kirusi kingine, mjomba," nilisema. "Kina dawa yake."

"Kirusi ni kirusi. Ugali tunakula sahani moja, dawa ndiyo itushinde?"

"Itamwishia huyu."

"Darasa la tano unanifundisha udaktari?"

Akalinyakua kopo, akamsukuma mtoto. Mtoto akaangukia mafiga, mdomo ukapasuka. Ndipo nikapiga. Mjomba alinikaba koo, akanigongesha kichwa ukutani mpaka udongo ukabanduka. Nilimng'ata mkono ulioshika kopo hadi akaliachia. Vidonge vikamwagika majivuni, nikaviokota kimoja kimoja damu ikiniingia machoni. Mtoto alimeza cha asubuhi hiyo pamoja na damu yake.

Mchana maumivu yalimzidi mjomba, nikamshusha kliniki mwenyewe. Muuguzi alimpa vidonge vingine. Kirusi chake, alisema, ni kile cha tetekuwanga ya utotoni, kilikuwa kimelala kwenye mishipa ya fahamu. Dawa yake huamshwa na kirusi hicho chenyewe, kwa hiyo vidonge vya mtoto visingemfaa.

Malengelenge yalikauka. Kisha mjomba akaita kikao cha ukoo, akaonyesha bega, tukanyang'anywa shamba. Tulihamia mjini, nikapakua magunia sokoni. Kitinda mimba hakuruka dozi hata siku tuliyohama.