Fundi Makochi na Jeshi Lake la Konokono

Sponji alimkuta konokono wake wa kwanza ndani ya tumbo la kochi.

Hakuwa konokono wa kutambaa. Alikuwa amechorwa kwenye kadi, amejikunja ndani ya gamba lake kama mtu anayekwepa wageni. Sponji ni fundi makochi, na tumbo la kochi ndipo familia zinapoficha siri bila kujua: chanuo, kijiko, kifungo, na mara moja meno ya bandia yaliyotafutwa mpaka ndugu wakanuniana. Alipomuuliza mwenye kochi kama anaitaka ile kadi, mwenye kochi akacheka.

"Tupa tu mama. Ni takataka za wanangu, na siku hizi wana ndevu."

Sponji hakutupa. Alifuta vumbi, akasoma maandishi yake, kisha jioni akampelekea mumewe, fundi rangi, aliyekuwa anajisugua mikono kwa mafuta ya taa.

"Sikiliza hii. Konokono wa Kale. Hapigani. Hazuii. Akiuawa, wawili wanachukua nafasi yake. Huyu si mama yako kabisa?"

"Mwache mama yangu," alisema mume, lakini alikuwa anacheka.

Mdogo wake mume, muuza vipuri vya magari, alikuwepo kaja kula. Akaitazama kadi kama daktari anavyotazama kidonda. "Shem, hiyo ni kadi ya Falme za Moshi! Tena ndiyo kadi mbovu kuliko zote. Sisi tunaitumia kuwekea vikombe."

Hapo ndipo Sponji alipoamua kujiunga na chama chao. Ukitaka mwanamke huyu afanye jambo, mwambie ni bovu.

Falme za Moshi ni mchezo wa watu wawili. Kila mmoja ni mfalme wa nchi isiyokuwepo, ana matone ishirini ya damu, na ana pakiti ya kadi aliyoiunda mwenyewe. Kwa zamu mnatoa viumbe, laana na vifaa, mnaumizana mpaka mmoja anakauka. Kila Jumapili mchana, nyuma ya duka la fotokopi, watu wazima wenye madeni na vitambi hukaa kwenye meza za plastiki na kutangaziana vita vya majoka. Mwenye duka alijipa cheo cha Katibu. Mwenyekiti hayupo, mweka hazina hayupo, lakini Katibu yupo, na neno analolipenda kuliko mke wake ni "utaratibu."

Utaratibu wake mmoja ulikuwa maarufu. Ukitaka kusoma kadi ya mpinzani wako, ni lazima usimame wima, useme kwa sauti, "Naomba shule." Hapo chama kizima kinajibu, "Karibu darasani!" na kupiga makofi kama wanavyopigiwa watoto wa chekechea waliojifunza kufunga kamba za viatu. Lengo lilikuwa kuharakisha mchezo. Matokeo yake ni kwamba wanaume wazima walikubali kufa kuliko kusoma.

Sponji hakujali. Tangu Jumapili ya kwanza alikuwa anainuka kila dakika. "Naomba shule!" Anasoma, anakaa, anainuka tena. Makofi yaliwachosha wapigaji kabla ya kumchosha yeye. Akaishia kuijua kila herufi ndogo iliyo chini ya kila kadi, maana kazi yake ilimfundisha kwamba ubovu wa kochi hukaa upande wa chini, kusikotazamwa.

Pamoja na hayo, alikuwa anapigwa. Alicheza na konokono wake, aliowaokota chini ya vikombe vya wenzake, mwaka mzima, na mwaka mzima alipigwa kama zulia siku ya usafi. Aliyempiga zaidi ni yule shemeji yake, bingwa wa chama, ambaye wote walimwita Kamanda. Pakiti ya Kamanda ilikuwa ya majoka. Aliinakili kadi kwa kadi kutoka kwa bingwa fulani wa ng'ambo aliyemwona kwenye simu, na alinakili hata namna ya kuinua nyusi.

Basi Jumapili moja Katibu akagonga meza kwa kalamu.

"Ndugu wanachama. Mwezi ujao tunatembelewa na chama cha ng'ambo ya mto. Hatutaki kuonekana wahuni. Kuanzia wiki ijayo, zitachezwa pakiti zinazotambulika tu. Majoka, malaika, na maharamia."

"Zinazotambulika na nani?" aliuliza Sponji.

"Na wanaojua."

"Nani wanaojua?"

"Shem, usianze," alisema Kamanda.

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Katibu akakohoa. "Mama Sponji, tunakupenda. Lakini konokono? Wageni watasemaje? Chukua majoka kama wenzako. Au kaa pale dirishani utushikie saa."

Kila mtu alijua maana ya kushika saa. Dirishani ndipo alipokaa mzee mmoja fundi saa, mpaka akaacha kuja, na hakuna aliyekumbuka ni lini.

Sponji akasimama. Safari hii hakuomba shule.

"Jumapili ijayo nicheze na Kamanda. Nikimfunga kwa konokono, huo utaratibu wako unakufa palepale, na kila mtu acheze anachotaka, hata akitaka kucheza na sahani. Akinifunga, nitacheza majoka mpaka mnishushe kaburini."

"Shem!" Kamanda alicheka mpaka akashika ubavu. "Unataka kaka yangu anilaumu?"

"Kaka yako nitamwambia mwenyewe. Wewe mwambie mkeo asipike kingi siku hiyo, hutakuwa na hamu."

Chini ya meza ya Katibu palikuwa na boksi la mabaki, kadi ambazo hakuna aliyezitaka, anachukua anayependa. Sponji aliondoka nalo lote kichwani.

Wiki ile karakana yake ilifanana na msiba wa wafalme. Kadi zilitandazwa juu ya fremu ya kochi lisilo na springi, juu ya marobota ya sponji, juu ya cherehani. Mteja mmoja alikuja kuuliza kochi lake, akakuta jini mwenye vichwa vitatu amelala penye mto. Aliondoka bila kuuliza.

Siku ya pili ya kuchambua ndipo Sponji alipopiga kelele, mume akaja mbio na brashi mkononi akidhani sindano imemwingia.

"Kaa hapo. Wewe ni adui."

"Tangu lini?"

"Kaa bwana! Tazama. Huyu konokono. Hii ni Mvua ya Mawe. Kila zamu yangu ikifika, inawapiga viumbe wote mezani, wa kwako na wa kwangu. Wadogo wanakufa."

"Sasa si unajipiga mwenyewe?"

"Ndiyo maana imetupwa. Sasa hii, Kengele ya Msiba. Kila kiumbe anapoingia upande wangu, adui anavuja tone moja. Nayo imetupwa, eti nani ana muda wa kuingiza viumbe wengi. Sasa ziunganishe."

Mume akakuna kichwa na kujipaka rangi. "Mvua inamuua konokono..."

"Wanakuja wawili."

"Kengele inalia mara mbili. Zamu inayofuata wale wawili wanakufa, wanakuja wanne." Midomo ilihesabu. "Mama watoto, hii ni hatari. Na hao wote tutawalisha nini?"

Lakini kabla ya kurudi kazini alisimama mlangoni. Alikuwa mtu wa amani, mdogo wake upande mmoja na mkewe upande wa pili. "Kwani ukicheza tu hayo majoka utapungukiwa nini? Ni mchezo."

Sponji aliichukua bunduki yake ya pini, akapiga pini tatu kwenye fremu zisizohitajika.

"Unajua mimi nashona nini kutwa? Kahawia. Mtu anakuja hapa na ndoto ya kochi la njano. Anashika kitambaa cha njano, anakipapasa, macho yanang'aa. Halafu anajiuliza jirani atasemaje. Nashona kahawia. Wiki nzima kahawia, mwaka mzima kahawia, na nashona vizuri, sina kinyongo, fundi hachagui. Lakini Jumapili ni yangu. Jumapili yangu haitakuwa kahawia."

Mume akakaa chini akawa adui mpaka chakula cha jioni.

Jumapili, watu walijaa mpaka wengine wakakalia mashine ya fotokopi, ikawa inatoa kurasa nyeupe bila kuombwa. Katibu alitangaza mechi kwa sauti ya mazishi ya serikali.

Sponji alianza kwa kuweka konokono wake mmoja, kisha Kengele.

"Hiyo nini, ya kuitia wateja?" alisema Kamanda, na wenzake wakacheka. Hakuuliza inafanya nini. Bingwa haulizi.

Sponji akamnyoosha konokono wake mezani. Kicheko kikaongezeka. Kamanda akatoa Joka la Shaba, kila pigo matone sita, akalipapasa kama mbuzi wa maonyesho, likapiga. Sponji akaweka Mvua ya Mawe. Joka likapiga tena. Sponji akabaki na matone nane, na mtu mmoja nyuma akasema saa ya dirishani inahitaji kutiwa betri.

"Zamu yangu," alisema Sponji. "Mvua inanyesha."

Konokono akafa, wakaja wawili. "Matone mawili, shem."

"Chukua."

Kwenye zamu yake Kamanda alileta joka la pili na kulilisha la kwanza, akijenga nguvu za pigo la mwisho la kifahari, maana ushindi wa kawaida haungetosha mbele ya watu wengi hivi. Mvua ikanyesha. Wawili wakawa wanne. Kamanda akavuja manne. Bado alitabasamu, ila nyusi ziliacha kuinuka. Aliendelea kupanga majoka yake. Mvua ikanyesha. Wanne wakawa wanane, na matone manane yakamtoka kama anayepunguza maji kwenye ndoo.

Akabaki na sita.

Hapo tu ndipo Kamanda alipohesabu. Hata akipiga sasa kwa joka la pili, matone sita, maana lile linalolishwa halipigi mpaka lishibe, Sponji angebaki na mawili. Na mvua ikinyesha tena, konokono wanane wangekuwa kumi na sita. Alihitaji kuuvunja mtego zamu hii hii. Na mkononi alikuwa na dawa yenyewe: Pumzi ya Moto, kadi inayochoma viumbe wote wa adui, au kifaa kimoja tu, uchague.

Akiichoma Kengele, mtego umekwisha. Lakini ni ipi iliyomvujisha, Kengele au Mvua? Kulikuwa na kadi mbili za ajabu mezani, na zote mbili alikuwa amezicheka bila kuzisoma. Alijua jambo moja tu, wanalolijua wote wanaocheza majoka: kiumbe aliyeungua kwa moto harudi. Hivyo ndivyo kadi nyingi zilivyo. Nyingi, si zote.

Mkono wake ulinyooka kidogo kuelekea kwa konokono, penye herufi ndogo. Kiti chake kilikwaruza sakafu. Alikuwa karibu kusimama. Chama kizima kilivuta pumzi, viganja vikiwa tayari kwa makofi, na Sponji mwenyewe alimtazama kwa upole wa kweli.

"Omba tu, shem. Haiumi. Mimi nimeomba mwaka mzima na meno yangu yote yapo."

Kama angenyamaza, pengine Kamanda angeomba. Akakaa vizuri. Akainua nyusi. Akaibamiza Pumzi ya Moto mezani.

"Nachoma konokono wote! Wanane! Shem, karibu kwenye majoka!"

Ukumbi ulilipuka. Katibu alikwishainua kalamu kutangaza. Sponji akachukua konokono mmoja, akamgeuzia Kamanda, akaweka kidole chake chenye makovu ya sindano chini kabisa ya kadi.

"Soma. Leo bure."

Kamanda alisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. "Akiuawa, wawili wanachukua nafasi yake... hata kwa moto."

"Kumi na sita," alisema Sponji. "Na wewe una sita. Umejichoma mwenyewe, shemeji yangu mpenzi. Mimi sijagusa kitu."

Alisahau kusherehekea, maana alikuwa amemgeukia Katibu. "Sema."

"Mama Sponji, tutakaa tuliangalie kwa utaratibu..."

"Sema!"

"Kila mtu acheze anachotaka," alisema Katibu, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wangekuwa na adabu.

Jumapili iliyofuata Sponji aliingia mapema, na alichokiona kilimfanya aegemee mlango. Meza ya kwanza, konokono. Meza ya pili, konokono. Mwalimu wa udereva, aliyekuwa mtu wa malaika tangu chama kianze, alikuwa anagombea Mvua ya Mawe na muuza simu. Na kule mwisho alikaa Kamanda, mnyenyekevu, mbele yake konokono waliopangwa vizuri kuliko wa Sponji mwenyewe, wamevishwa plastiki mpya.

"Shem," alisema kwa heshima mpya kabisa, "nimeirekebisha kidogo. Nimeongeza wingu, inaua zamu moja mapema."

"Hii sasa inatambulika," Katibu aliongeza kwa fahari, kana kwamba aliwazaa hao konokono. "Wageni wakija wote tutawaonyesha hii."

Sponji aliwatazama mmoja mmoja. Chumba kizima kilikuwa kahawia.

Akatoa pakiti yake mfukoni, akaiweka mbele ya mwalimu wa udereva. "Acheni kugombana. Chukueni."

"Na wewe utacheza nini?"

Alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza ya Katibu, mkono ndani ya boksi la mabaki mpaka begani. Boksi alilolirudisha lilikuwa limejaa upya: majoka yote yaliyotupwa wiki ile, na chini yao takataka za siku zote. Aliyapita majoka bila kuyatazama. Akatoka na Mpishi Mlevi, Ngazi Isiyofika, na kundi la bata ambao kazi yao pekee, kwa mujibu wa herufi ndogo, ilikuwa kuondoka mezani wakati wanapohitajika.

"Shem, tafadhali," alisema Kamanda. "Bata?"

"Kaa vizuri. Naanza mimi."

Alipigwa vibaya mno, na konokono aliowalea mwenyewe. Kengele ililia mpaka muuza simu akaona huruma na kumwambia inatosha, hakuna haja ya kumaliza. Sponji alikusanya bata wake, akawagonga mezani kwanza wakae sawa.

"Nani kasema inatosha?" alisema. "Changanya kadi."