Nilizika barua za chuo za binti yangu kwenye ndoo ya unga

Kosa ni langu. Silisukumi kwa shetani, silisukumi kwa serikali. Nimelifanya kwa mikono hii, akili zangu zikiwa timamu, nikidhani naokoa.

Mhariri, jina langu usiliandike. Na mtaa usiutaje, sema tu Rooty Hill, huku Australia, inatosha, maana sisi Warundi wa huku tunajuana mpaka rangi za mapazia. Kusema kweli hata wewe nilikuwazia mara mbili kabla ya kukutumia hii. Nilimwuliza mtu, hivi imeli za pale anazisoma nani? Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyomponza mtoto.

Binti yangu nitamwita Divine, siyo jina lake. Ana miaka kumi na tisa, sina mwingine. Nilimzaa kambini Tanzania, nikaja naye hapa bado ananyonya kidole. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimwuliza kitu anakujibu kwa Kiingereza. Alipomaliza shule aliingia chuo cha serikali hapa jirani kusomea uuguzi, na jimbo likamlipia ada yote. Ufadhili! Mimi ninayefuta meza za watu maofisini kule mjini, mwanangu asomee uuguzi bila ada! Siku niliyopata habari ile nililia ndani ya treni mpaka mama mmoja Mhindi akanipa tishu.

Wakati ule alikuwa hajatimiza kumi na minane, kwa hiyo fomu ya ufadhili niliitia sahihi mimi. Barua zikawa zinakuja kwa jina langu, na namba ya simu ni yangu. Alipokua hatukubadilisha. Ningejua, ningebadilisha siku ileile.

Basi. Zikaanza habari za sheria. Bunge la jimbo limepitisha, vyuo vya umma viunganishwe, cha kwetu na kingine cha mbali viwe kimoja. Haikupita muda barua ikaja. Kiingereza nakisoma polepole, kwa kidole, lakini nilisoma. Vyuo viwili vitakuwa chuo kimoja. Huduma zitakuwa bora zaidi. Mwenye ufadhili atie sahihi ili jina lake na kumbukumbu zake zihamishiwe chuo kipya na zihakikiwe. Asiyetia sahihi mpaka tarehe fulani, hatahesabiwa.

Ayii!

Maneno yale nilishayasikia. Niliyasikia nikiwa msichana kambini, yakitoka kwenye spika juu ya gari jeupe. Kambi mbili zitaunganishwa kuwa moja. Huduma zitakuwa bora. Kila kaya ije itie sahihi, kadi zihakikiwe. Watu walipiga makofi! Kaka yangu mkubwa, Lazaro, alikuwa na kaya yake, akawa wa kwanza kwenye foleni, maana alipenda kuwa wa kwanza kila mahali. Wakahamishwa. Nyuma yao shule ikafungwa, kisha zahanati, kisha mabomba ya maji yakakauka. Na huko kambi mpya, majina yao si yako tayari kwenye orodha? Wakaambiwa kwenu sasa kuna amani, pandeni malori. Kaka Lazaro alipanda. Tangu siku ile sijamwona.

Mama yangu hakutia sahihi. Kadi yetu aliitumbukiza kwenye ndoo ya unga, wakija anasema imepotea, mimi mjane, kusoma sijui. Alisumbuliwa, akatukanwa, akakaa kimya. Orodha ya malori ikapita bila sisi. Miaka baadaye tukaitwa kwenye mahojiano, na mimi nikaletwa Australia.

Kwa hiyo mtu asiniambie kitu kuhusu unga. Unga ndio ulionileta hapa!

Nikaikunja barua ya chuo, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaizika chini kabisa kwenye ndoo ya unga wa mahindi. Nikanawa mikono. Nilijiona mama mwenye akili.

Wiki hiyohiyo Divine akaniuliza, "Mama, wenzangu wamepata barua ya chuo. Ya kwetu imekuja?"

"Haijaja."

"Nipige simu chuoni niulize?"

"Usipige! Ukipiga unajipeleka mwenyewe."

Akacheka. "Najipeleka wapi, Mama? Ni chuo tu." Lakini alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo, anashinda kwenye nyumba ya wazee akijifunza kuwageuza na kuwaosha, anarudi hoi. Akasema sawa, tusubiri. Hajawahi kunikamata na uongo, angenishuku kwa lipi?

Ikaja barua ya pili. Kwenye unga. Ikaja ya tatu, ina mstari mwekundu juu. Nikasema unaona, wameanza kutisha! Kwenye unga. Ujumbe wa simu nikaufuta kila ulipoingia. Siku moja akapiga msichana mwenye sauti tamu, akanitaja jina langu lote mpaka la baba. Jina la baba yangu amelitoa wapi? Nikamwambia huyo mama amehama, nikakata.

Sasa kuna mtu anaitwa Bi Zuhura, hilo nalo nimelibadilisha. Ni mama wa Mombasa, anakaa Merrylands, mwanawe Salim anasoma chuo kilekile kwa ufadhili uleule. Nilipofika nchi hii sijui hata kugonga kadi ya treni, yeye ndiye aliyenishika mkono. Karatasi za watu anazijaza yeye, za Warundi, za Wakongo, za kila mtu, bila kuomba hata asante.

Tulikutana Jumatano kwa muuza nyama pale Merrylands, sisi Waafrika tunaponunua mbuzi. Duka limejaa. Akanishika bega.

"Mamake Divine! Umeshaitia sahihi ile karatasi ya chuo? Ijumaa ndiyo mwisho, mwenzangu."

"Karatasi gani?"

"Usinifanyie hivyo, najua zimekufikia. Sheria imeshapita, dadangu. Ufadhili hauondolewi, unahamishwa tu. Niletee nikujazie, dakika kumi hazifiki."

Najua zimekufikia! Neno hilo lilinichoma. Amejuaje? Mdomo ukanitangulia.

"Nani kakwambia zimenifikia?"

"Si zimefika kwa wazazi wote?"

"Wewe unajaza karatasi za watu wote bure. Bure! Nani katika dunia hii anafanya kitu bure? Kambini kila mtaa ulikuwa na mtu kama wewe, mwenye kalamu. Anaandika majina ya wenzake, halafu malori yakija yeye hapandi!"

Nilisema kwa sauti. Muuza nyama aliacha kukata. Kina mama wa kanisani kwetu walikuwepo, wakatazama chini.

Bi Zuhura alinitazama kama hanijui. "Astaghfirullah. Mimi?" Akatoka, nyama yake imeshapimwa, akaiacha palepale juu ya meza ya duka.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitembea nimenyanyua kichwa! Kesho yake kwenye maombi nikawaambia kina mama wenye watoto chuoni, msitie sahihi, hawa wanakusanya majina. Wakatikisa vichwa, eeh, eeh, umesema kweli mama. Nilikuja kujua baadaye kwamba wote walishatia sahihi kitambo, tena wamejaziwa na Bi Zuhura. Walininyamazia tu kama mnavyomnyamazia mgonjwa.

Ijumaa ikapita, na hakuna gari jeupe lililokuja. Nikasema, je, si tumesalimika?

Muhula ukafunguliwa. Divine akavaa sare yake ya uuguzi, niliyoipiga pasi mwenyewe, akaenda. Siku hiyo sikuwa na kazi. Mchana nikasikia ufunguo mlangoni, mapema kuliko kawaida.

Kadi yake ilikataa kufungua mlango wa darasa la vitendo. Alidhani imeharibika, akaenda dirishani kuuliza. Akaambiwa jina lake halimo. Ufadhili umekwisha, nafasi yake amepewa aliyekuwa akisubiri. Akitaka, aombe upya mwaka ujao, na ada ajilipie.

Alinisimulia hayo huku akiweka maji jikoni apike bugali, ugali wetu, maana akiwa na hasira hupenda kupika. Hasira yenyewe haikuwa kwangu. Ilikuwa kwa posta! Kwa chuo!

"Eti walituma barua tatu, Mama. Eti walipiga simu, mtu akasema umehama. Niliwaambia mama yangu hawezi kunidanganya. Niliwaambia mbele ya foleni nzima."

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, mita mbili kutoka kwake, na sikufungua mdomo! Nilikuwa naitazama ile ndoo tu. Wiki zote hizo nilikuwa nachota mimi, tena juujuu, na unga ulikuwa umebaki kidogo.

Akazamisha kikombe. Kikagonga plastiki.

Akavuta. Akafungua mfuko. Moja, mbili, tatu. Alizisoma akiwa amesimama, mikono myeupe, maji yanachemka mpaka yanamwagikia jiko na hakuna aliyelizima. Nilitamani anipigie kelele.

Akaniuliza kwa Kiswahili. Mtoto ambaye hajanijibu kwa Kiswahili tangu shule ya msingi! "Mama, kwa nini?"

Nikamweleza yote. Kambi mbili, spika, foleni, malori, Kaka Lazaro. Nililia, nikamwambia mwanangu nilikuwa nakuficha wasikuchukue.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akanijibu kwa Kiswahili hichohicho, polepole, akitafuta maneno.

"Mjomba alichukuliwa na wao. Mimi umenichukua wewe."

Akaziweka barua mezani, akaingia chumbani kwake. Sare ile hajaivaa tena.

Tulikwenda chuoni kuomba. Afisa alikuwa mpole, kanipa kiti, kanipa maji, lakini tarehe ile, alisema, imewekwa kwa mujibu wa sheria na yeye hana uwezo wa kuisogeza. Ikabaki rufaa. Na barua ya rufaa ya Kiingereza mimi ningeandikiwa na nani? Unamjua ni nani.

Zamani kwa Bi Zuhura nilikuwa naingia mpaka jikoni, chai najimiminia mwenyewe. Siku hiyo aliniletea kwenye sinia, kikombe na kisosi, kama mgeni. Akakaa na Divine, akaandika kurasa mbili nzuri. Mimi nikaomba msamaha palepale mbele ya Salim, nikataka kupiga magoti, akanizuia.

"Nimekusamehe, mamake Divine. Lakini nikwambie. Alhamisi ile nilishavaa buibui nije kwako Rooty Hill nikuombe tena. Nikakumbuka ulivyoniita mbele za watu, nikalivua."

Rufaa ilikataliwa.

Nataka niseme na hili, msije mkadhani ni kichaa tu. Kuunganisha kulifunga kweli! Darasa la uuguzi la hapa jirani halipo tena, limehamishiwa kule mbali, na Salim sasa anapanda treni mbili kila asubuhi. Kwenye barua hawakuliandika hilo, waliandika huduma bora. Kwa hiyo pua yangu ilinusa kitu, na mpaka leo barua ya serikali ikija naigeuza pande zote. Lakini Salim anasoma! Watoto wa wale kina mama wanasoma! Wa kwangu anaosha wazee kwenye ile nyumba ya wazee, kazi ya kuitwa wakimhitaji, na wenzake waliokuwa nyuma yake wanakuja pale kama wanafunzi, anawaonyesha sabuni iliko.

Waswahili wanasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sawa, shtuka! Ila usimfungie mtoto ndani kwa sababu ya nyoka aliyekuuma wewe. Mama mwenzangu, baba mwenzangu uliyepita kambini, nakuomba. Barua ya mtoto mpe mtoto. Ukiishuku, ishukuni pamoja, mezani, taa ikiwaka, na mwite mwenye kalamu asome. Woga wako una sababu, najua, lakini umwambie mtoto huo woga kwa mdomo. Usiufanyie kazi kisirisiri. Mimi habari za mjomba wake nilimwambia siku nilipokuwa nimeshaharibu.

Divine bado anakaa nami, bado ananiamkia, chakula tunakula pamoja. Kiswahili amekiacha tena, amerudi kwenye Kiingereza chake. Ameomba upya chuo. Kwenye fomu, mahali pa anwani ya barua, hakuandika ya hapa. Ameandika ya Bi Zuhura, Merrylands.

Nikitoka kazini nafungua kisanduku chetu cha barua. Kuna karatasi za pizza, kuna bili ya umeme. Hupekua mpaka mwisho kutafuta jina la mwanangu, na sasa barua yake ingekuja, Mungu wangu, ningempelekea mbio bila kuifungua. Haiji.